Siro na Ogwang': Hoja za Awali za Elimu ya Wanawake katika Mwambao wa Ziwa Victoria, Kenya

Utangulizi

Miongoni mwa Waluo wa Nyanza kuna msemo mfupi usemao "wuowi siro, nyako ogwang'". Maana yake ni kwamba mtoto wa kiume ni nguzo, naye wa kike ni paka-mwitu. Nguzo husimama pale ilipochimbiwa na kulibeba paa. Paka-mwitu huenda zake, na aliyemlea hapati faida. Msemo huu unabeba hesabu kamili ya mali na urithi: binti ataolewa nje ya ukoo, hivyo atakachojifunza kitajenga boma la watu wengine. Karo ya shule ilipoanza kulipwa kwa fedha taslimu, hesabu hiyo ilisaidia kuamua nani aende darasani na nani abaki akiteka maji. Makala haya yanachunguza hoja tatu zilizotumiwa kuujibu msemo huo tangu miaka ya 1920, na yanadai kwamba hoja iliyofungua mlango wa shule ndiyo hiyo hiyo iliyoweka kikomo cha elimu yenyewe.

Mwalimu kabla ya shule

Ni kosa kudhani kwamba elimu ya wasichana ililetwa na wamisionari. Katika boma la Mluo palikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aitwaye pim. Humo walilala wasichana pamoja na watoto wadogo, na kila usiku walifunzwa hadithi, vitendawili, nasaba, miiko na mambo ya unyumba. Kwa kuwa Waluo huoa nje ya ukoo, pim mara nyingi alikuwa mzaliwa wa kwingine, na maarifa yake yalivuka mipaka ya boma alimoishi. Wavulana walipokua walihamia simba, nyumba ya vijana wa kiume. Lakini elimu yao ya kwanza walikuwa wameipata kwa mwanamke.

Hapa pana mgongano unaostahili kuzingatiwa. Jamii iliyomwita binti paka-mwitu ilimkabidhi mwanamke huyo huyo, alipozeeka, kazi ya kuhifadhi na kurithisha maarifa yake. Kwa hiyo uwezo wa akili ya mwanamke haukutiliwa shaka. Kilichobishaniwa ni nani atakayefaidi matunda ya uwezo huo.

Hoja ya kwanza: mke wa msomaji

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S. walianzisha shule ya Maseno, iliyotoa makarani, walimu na wahubiri wa kiume. Haukupita muda mrefu swali likazuka: vijana hawa watamwoa nani? Katika miaka ya 1920 mmisionari Fanny Moller alianza kuwafundisha wasichana huko Ng'iya, Alego, mahali palipokuja kuwa shule mashuhuri ya wasichana. Hoja iliyotawala katika shule za aina hiyo ilikuwa ya manufaa: msomaji Mkristo alihitaji mke wa kufanana naye. Wasichana walifundishwa kusoma na kuandika, Maandiko, ushonaji, upishi, usafi na malezi.

Hoja hii ilikuwa na ukoo wake Ulaya. Mwaka 1762 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alitoa kitabu chake *Émile*, ambamo mvulana anafunzwa kujitegemea kwa fikra, na Sophie, atakayekuwa mkewe, anafunzwa kumpendeza mumewe na kuitunza nyumba. Mary Wollstonecraft alimjibu mwaka 1792 katika kitabu chake cha kutetea haki za mwanamke. Naye hakuidharau kazi ya mama. Alishikilia kwamba mwanamke asiyezoezwa kufikiri hawezi kulea vyema. Hata hivyo hakuusimamisha utetezi wake juu ya faida ya mume wala ya mtoto. Kwake, kila binadamu ana akili, akili hukomaa kwa mazoezi, na wema usiotokana na kufikiri kwa mtu mwenyewe ni utii mtupu. Ikiwa akili ni moja, basi elimu nayo haina budi kuwa moja. Ndiyo maana alipendekeza wavulana na wasichana wasome pamoja.

Tofauti ya misingi hii miwili ina matokeo. Elimu inayotetewa kwa ajili ya mume humalizika pale mahitaji ya mume yanapomalizika. Msichana akishajua kusoma Biblia, kushona na kuosha mtoto, anayetetea kwa manufaa hana tena sababu ya kumlipia karo.

Hoja ya pili: binti naye ni nguzo

Wasichana wenyewe, pamoja na baadhi ya wazazi wao, waliisogeza hoja mbele. Mwalimu na muuguzi walilipwa mshahara, na mshahara uliweza kurudi kwa wazazi. Paka-mwitu akaanza kuonekana amebeba paa.

Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alisoma Ng'iya na Butere, akasomea uuguzi Uganda na Uingereza, kisha akawa mwandishi. Riwaya yake *The Promised Land* ilitoka mwaka 1966. Grace Onyango alianzia ualimu, akaingia katika siasa za mji, na katika miaka ya 1960 akawa Meya wa Kisumu. Mwaka 1969 wapiga kura wa mji huo walimpeleka Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge nchini Kenya. Binti aliyehesabiwa kuwa mpitaji sasa alisemea mji mzima.

Hata hivyo hoja ya nguzo ina udhaifu wake. Inabadilisha jibu la hesabu bila kuihoji hesabu yenyewe. Binti asiyepata kazi, au ambaye mshahara wake unabaki kwa mumewe, anarudi kuwa paka-mwitu, na karo yake inahesabiwa kuwa hasara. Mvulana anayekosa kazi haulizwi swali hilo. Yeye ni nguzo hata kabla ya kubeba chochote.

Hoja ya tatu: akili

Hoja ya tatu haina haja ya faida. Katika utafiti wa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wahenga, mzee wa Kiluo Paul Mbuya Akoko aliulizwa juu ya usawa wa mwanamume na mwanamke. Alijibu kwamba mwanamume aweza kumshinda mwanamke mbio, lakini mwanamke hubeba mimba na kustahimili uchungu asiouweza mwanamume. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kujiita bora. Kauli hii inaonyesha kwamba fikra ya usawa iliweza kutetewa kutoka ndani ya jadi. Lakini wengi wa wahenga waliohojiwa walikuwa wanaume. Pim hakuwa na nafasi kubwa katika falsafa iliyoandikwa.

Pengo hilo lilianza kuzibwa na fasihi. Mwaka 1983 Grace Ogot alichapisha *Miaha* kwa Kidholuo, akiisimulia upya hekaya ya bibi-arusi aliyekiuka mwiko wa jembe, na watu tangu hapo wakalazimika kulima kwa jasho. Hapa hadithi ya aina iliyosimuliwa siwindhe inaandikwa na mwanamke aliyesoma, katika lugha ya pim, kwa wasomaji wasiohitaji Kiingereza ili washiriki mjadala.

Hitimisho

Phoebe Asiyo, mwalimu aliyekuja kuwa mbunge wa Karachuonyo, alipeleka Bungeni mwaka 1997 hoja ya kuongeza nafasi za wanawake katika uongozi, ilikataliwa. Katiba ya mwaka 2010 iliagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, lakini Bunge lilipita chaguzi za 2013, 2017 na 2022 bila kulitimiza agizo hilo. Historia hii inaeleza sehemu ya sababu. Hoja ya mke na hoja ya nguzo zilishinda mapema kwa sababu hazikudai mengi: ya kwanza iliwapa wasichana darasa, ya pili ikawapa mshahara. Madaraka hayatolewi kwa hoja hizo, maadam kila moja humtaka mwanamke aonyeshe kwanza atamfaa nani. Hoja ya akili haimtaki aonyeshe hivyo, nayo ndiyo ambayo bado haijakubaliwa.