Goma: Moto na vita vilivyofundisha familia kuhifadhi vyombo vya nyumba

Goma, Kivu ya Kaskazini – Kufunga vyombo na kuviweka mahali pa salama ni kazi ambayo wakaaji wa Goma wameijifunza kwa shida. Mlima Nyiragongo umewahamisha, vita vimewahamisha, na kila mara swali limekuwa lile lile: tubebe nini, tuache nini, na tumwachie nani?

Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka mbavuni. Ziwa la moto lililokuwa juu yake liliisha kwa muda usiofika saa moja, na lava ikashuka mbio kwenye vijiji vya chini. Watu wengi walikufa. Siku ile hakukuwa na nafasi ya kufunga chochote. Funzo la kwanza lilitoka hapo: cha kubeba kinatayarishwa mapema, wakati mlima ungali umenyamaza. Siku ya hatari ni ya kushika watoto mkono na kukimbia.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya mji na kufika Ziwa Kivu. Ilifunika karibu asilimia 13 ya Goma, pamoja na sehemu ya uwanja wa ndege na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, nchini Rwanda, na wengi wao walirudi baada ya siku chache tu. Wengine walikuta jiwe jeusi mahali pa nyumba yao. Wengine walikuta nyumba imesimama, mlango umevunjwa na vyombo vimeibwa. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka mjini na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta. Tangu hapo inajulikana kwamba mafuta ya gari na ya taa hayawekwi pamoja na vyombo, hata kama ni bidoni moja.

Baada ya 2002 nyumba nyingi zilijengwa upya juu ya lava, kwa mbao na manjanja. Nyumba ya mbao inaweza kubomolewa na kuhamishwa. Lakini haihifadhi vyombo vizuri: unyevu unaingia, panya wanaingia, na mwizi anahitaji nyundo tu.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena usiku. Lava iliharibu maelfu ya nyumba katika wilaya ya Nyiragongo na kusimama Buhene, mlangoni mwa mji. Matetemeko yaliendelea, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame. Watu walikwenda Sake, Minova, Rutshuru, Gisenyi, na wengine Bukavu kwa mashua. Serikali ilitangaza kurudi kuanzia tarehe 7 Juni. Familia nyingi ziliondoka na magodoro kichwani au juu ya chukudu, na mengine yote yakabaki nyuma ya kufuli.

Halafu vita. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliingia Goma, na mwezi uliofuata kambi za Bulengo na Lushagala zilianza kubaki tupu. Familia za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zilizokuwa humo zilipaswa kuamua haraka. Bashi na sufuria zinabebeka hadi kijijini. Lakini kitanda, cherehani au mabati vinataka mtu wa kuvitunza: ndugu, jirani, parokia, au mfanyabiashara mwenye depo anayekodisha nafasi.

Mahali popote vinapowekwa, adui wa kwanza ni maji. Mvua ya Goma haikawii, na majivu ya mlima yakichanganyika nayo hula chuma. Kwa hiyo vyombo haviwekwi chini kabisa. Vinapandishwa juu ya mawe ya lava na mbao, mbali kidogo na ukuta. Sufuria zinafuliwa, zinakaushwa, kisha zinaingizwa moja ndani ya nyingine na nguo katikati. Nguo zinaanikwa juani kabla ya kutiwa kwenye gunia, kwa sababu nguo mbichi inaoza. Godoro linafungwa kwa plastiki siku ya jua, na halilaliwi na mizigo mizito. Redio na tochi zinatolewa mabuye, kwani yakivuja yanaharibu chombo. Unga na maharagi havichanganywi na nguo. Panya akifuata chakula hataacha blanketi. Bidoni za maji zinaachwa wazi zikauke.

Makaratasi hayaachwi. Kadi ya uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, diploma na hati ya parsele vinafungwa ndani ya plastiki mbili na kusafiri mwilini mwa mtu mzima.

Lakini kinachovunja udugu mara nyingi si panya wala mvua. Ni maneno. Mwenye mali anarudi baada ya mwaka na kudai sufuria sita; aliyezitunza anakumbuka nne. Kitanda kimelaliwa na wageni wengine waliokimbia, naye mwenyeji anaona alikuwa na haki ya kukitumia. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha inaandikwa mara mbili, kila mmoja na yake, mbele ya shahidi au shefu wa avenyu. Inataja kila kitu na hali yake, kama kinaweza kutumiwa, na mwenyeji afanye nini ikiwa yeye pia atalazimika kukimbia. Hilo la mwisho husahauliwa, na hapa Goma ndilo limetokea mara nyingi.

Mwaka 2002 lava ilifunika mipaka ya parsele, miti na vijia vyote. Aliyekuwa na hati mkononi alikuwa na pa kuanzia. Karatasi moja iliyofungwa vizuri ilikuwa na faida kuliko kabati zima.