Kutoka mkono wa plastiki hadi tishu hai

Mwaka 2011 Richard van As, seremala wa Johannesburg, Afrika Kusini, alipoteza vidole katika ajali ya msumeno. Akishirikiana na Mmarekani Ivan Owen, alibuni mkono wa bandia uitwao Robohand. Vipande vyake vilichapwa kwa mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuusukuma kupitia tundu jembamba. Mwaka 2013 michoro yake iliwekwa bure kwenye intaneti.

Mbinu hiyo, iliyobuniwa na Scott Crump wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, haifai kwa seli hai: joto la takriban nyuzi 200 huziua. Kwa hiyo wanaochapa tishu huchanganya seli na jeli, kisha huchagua nguvu ya kuisukuma.

Hewa iliyoshindiliwa huhitaji kifaa rahisi, lakini mnato wa jeli ukibadilika, kiasi kinachotoka nacho hubadilika. Pistoni, mfano wa bomba la sindano, hupima kiasi kwa usahihi zaidi. Parafujo humudu jeli nzito, ila mkandamizo wake waweza kupasua seli.

Plastiki haidhuriki kwa msukumo huo. Seli zikifa njiani, umbo litakalochapwa laweza kupendeza, lakini halitamfaa mgonjwa.