Maneno ya Baraza na Daftari Lililoyakosa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi palipo fedha na bidhaa, lakini ipo mali nyingine isiyohesabiwa kwa vidole, nayo ni maneno yaliyosemwa hadharani na watu waliokutana kushauriana. Neno la namna hii likiisha kusemwa hubaki vifuani mwa waliolisikia. Nao wakiisha kufa, hakuna ajuaye kwamba liliwahi kusemwa. Nchi ya Ngara na Biharamulo, katika mkoa wa Kagera, yatoa mfano wa mambo haya ulio wazi kuliko nyingine nyingi, kwa kuwa historia yake imeandikwa mara kadhaa, na kila mara imeandikwa na mtu aliyekuwa na haja yake mwenyewe.

Wenyeji wa sehemu hizo, kuanzia Nyakisasa na Rulenge mpaka upande wa Biharamulo, wengi wao ni Wasubi. Na wale wa Bugufi, kuelekea mpaka wa Burundi, ni Wahangaza. Lugha zao ni za jamaa moja na Kirundi na Kinyarwanda. Zamani hapakuwa na karani wala faili. Shauri la shamba, la mahari au la urithi lilisemwa mbele ya wazee, mashahidi wakiwapo, na hukumu ilikaa katika kumbukumbu ya waliohudhuria. Kwa Warundi, ambao Bugufi ilifungamana nao kwa ufalme, wazee wa namna hii huitwa bashingantahe. Katika desturi hiyo shahidi ndiye daftari. Ilifaa kwa muda wote ambao vijana waliketi nyuma ya wazee wakisikiliza.

Habari za kwanza za Busubi kuingia katika kitabu kilichosomwa na dunia zilitoka kwa Speke, aliyepita huko pamoja na Grant mwaka 1861, wakienda Karagwe na Buganda. Nchi hiyo yeye aliiita Usui, na mfalme wake Suwarora. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1863. Humo msomaji aona kwa urefu jinsi msafara ulivyocheleweshwa na jinsi hongo ilivyodaiwa, nguo kwa nguo na waya kwa waya. Lakini Speke hakupata kamwe kuonana na Suwarora. Basi mfalme huyo amebaki katika historia iliyoandikwa kwa sura ya mtoza hongo, naye hakuulizwa neno lo lote. Kwamba ushuru juu ya wapitao ulikuwa sheria ya nchi, wenye mipaka na sababu zake, ni jambo ambalo washauri wake wangeweza kulieleza. Maelezo yao hayamo kitabuni.

Mara ya pili nchi hiyo iliandikwa kwa ajili ya mipaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji ziligawana nchi zilizokuwa za Wadachi kwa mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, na mwisho wa mambo Bugufi, iliyokuwa chini ya Mwami wa Urundi, ikabaki upande wa Tanganyika. Mwaka 1948, wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipozitembelea nchi hizi, Mwami Mwambutsa aliomba kwa maandishi kwamba Bugufi irudishwe kwake. Ombi lilifika mbele ya Baraza la Udhamini, wala Bugufi haikurudishwa. Kwa sababu ombi lile lilikuwa karatasi, na karatasi ile ilipewa namba, mwanafunzi wa leo aweza kuliona. Maneno ambayo Wahangaza wenyewe waliambizana majumbani na mabarazani kuhusu jambo hilo hilo hayakupewa namba. Kwa hiyo mwenye kusoma hudhani kwamba shauri la Bugufi lilikuwa la Mwami na Waingereza tu.

Mara ya tatu ni kubwa kuliko hizo, kwani haikuishia katika vitabu bali iliingia katika sheria. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa Serikali ya Tanganyika, alifanya kazi ya kukusanya sheria za jadi kwa miaka mingi. Pamoja na Hartnoll alitoa mwaka 1945 kitabu juu ya sheria za Wahaya, jirani za Wasubi. Mwaka 1953 akatoa kingine juu ya Wasukuma. Alikufa mwaka 1962, na karatasi zake nyingi zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapana budi kumshukuru, kwa kuwa bila yeye mambo mengi yangalipotea kabisa. Lakini njia yake yataka kutazamwa. Wazee walikusanywa, wengi wao wanaume wenye vyeo. Wakaulizwa swali baada ya swali. Nao walipoafikiana, maafikiano yakaandikwa kuwa kanuni, kila moja na namba yake. Mzee aliyepinga, aliyesema kwamba kwao haikuwa hivyo, au kwamba ilikuwa hivyo siku za njaa tu, alishindwa na wenzake, na neno lake halikuingia katika kanuni.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa matangazo ya sheria za mila ya mwaka 1963. Hapo jibu la baraza moja, lililotolewa kwa kuulizwa, likawa amri ya kuhukumia. Katika kanuni za urithi mwanamke aliruhusiwa kulitumia shamba la ukoo maisha yake, lakini si kuliuza. Matokeo yake yalionekana wazi katika mkoa huu huu wa Kagera. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, naye akashtakiwa na jamaa yake. Mwaka 1990 shauri lilifika mbele ya Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu, Mwanza, naye akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Uamuzi huo ulijengwa juu ya Katiba na mikataba ya mataifa. Ama mila yenyewe, ilikuja mahakamani kwa sura ile ya kanuni yenye namba; sauti za waliobisha siku ya kuandikwa kwake, kama walikuwako, hazikuweza kuitwa kutoa ushahidi. Mwenye kupoteza mazungumzo akahifadhi hitimisho peke yake amehifadhi upande wa walioshinda.

Mwaka huo huo wa 1963 vyeo vya machifu viliondolewa, na mabaraza yao yakafuata. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wakaacha mahame, makaburi na miti ambayo ilikuwa alama za kumbukumbu zao. Kwani mzee huanza hadithi kwa kuonyesha mahali. Ng'ambo ya mpaka, kati ya mwaka 1957 na 1960, Jan Vansina alikuwa amesimamia kunaswa kwa masimulizi ya Rwanda na Burundi, naye hakutafuta simulizi moja iliyo sahihi. Alipokea simulizi nyingi za jambo moja, kila moja na jina la msimulizi wake, hata zinapopingana. Nakala za masimulizi ya Rwanda zilipigwa mikrofilamu zikawekwa Chicago. Tofauti kati yake na Cory si ya bidii, maana wote wawili walikuwa na bidii. Cory aliwauliza watu waafikiane. Vansina aliwaacha watofautiane.

Ngara ilijulikana tena duniani tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 wakitoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Mwaka huo huo iliundwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha mpaka mwaka 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa huko. Humo swali limewekwa pamoja na jibu, na shahidi wa upande mmoja pamoja na yule ampingaye, kwa sauti na kwa maandishi. Yaani dunia yajua vema jinsi ya kuyahifadhi maneno ya watu kwa ukamilifu inapoona kwamba haki yategemea maneno hayo. Mwanamke wa Kihaya na shamba lake wathibitisha kwamba haki yategemea pia maneno ya wazee wa kijijini.

Tanzania inayo sheria ya nyaraka ya mwaka 2002, lakini sheria hiyo hutunza karatasi za ofisi. Neno lisilopata kuwa karatasi halimo mikononi mwake. Kazi hiyo imewabakia wanafunzi. Kinasa sauti, ambacho zamani kilihitaji gari la kukichukua, leo kimo katika simu ya mkononi. Yafaa mzee anaswe kwa ridhaa yake, kwa Kisubi au Kihangaza chake, na tafsiri ya Kiswahili ije baadaye pembeni yake. Yaandikwe mahali, tarehe, swali lililoulizwa na nani mwingine alikuwapo. Wanawake waulizwe peke yao na si mbele ya waume zao tu. Na anayebisha aandikwe kwa urefu ule ule wa anayekubali. Nakala moja ikae chuoni, na nyingine ibaki kijijini, ili wenyewe waweze kuisahihisha.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mabaraza ya machifu yalipofungwa sasa amepita miaka 80. Walio hai kati ya hao ndio wa mwisho waliosikia kwa masikio yao jinsi shauri lilivyosemwa, likapingwa, likasemwa tena, kabla ya kuamuliwa.