Dakika Sita Koridoni

Mwaka 1928 Chama cha Moyo cha New York kilitoa madaraja manne ya kuwapanga wagonjwa wa moyo kulingana na wanavyochoka na kuhema wakiwa katika shughuli zao. Madaraja hayo yanatumika hadi leo, na udhaifu wake ni ule ule: daktari anauliza, mgonjwa anajibu. Yupo atakayesema hana tabu yoyote, kumbe aliacha zamani kupanda ngazi. Baadaye ikaja mashine ya kukimbilia, mgonjwa akavishwa barakoa, na oksijeni anayotumia ikapimwa hadi ashindwe kuendelea. Katikati ya hayo mawili kuna kipimo cha kutembea dakika sita, na wengi hukisimulia kama mbadala wa pale ambapo fedha za mashine hazipo. Masimulizi hayo yanakipunja. Kutembea kulipata heshima ya kipimo baada ya mpimaji mwenyewe kutiwa adabu, na jambo hilo halikuwa rahisi hata kidogo.

Asili yake haiko wodini. Mwaka 1963 Bruno Balke, aliyekuwa akitafiti afya ya marubani nchini Marekani, alipendekeza kupima uwezo wa mwili kwa umbali ambao mtu anaumaliza katika muda uliowekwa. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la nchi hiyo, aliwakimbiza askari kwa dakika 12. Madaktari wa Edinburgh waliufikisha muda huo kwa wagonjwa wa bronkaitisi sugu mwaka 1976, wakaacha mbio na kuchukua mwendo wa kawaida. Lakini dakika 12 ni adhabu kwa mtu anayetafuta pumzi. Mwaka 1982 Butland na wenzake walilinganisha dakika 2, 6 na 12, wakaona matokeo yanakwenda sambamba, na 6 zikachukuliwa kuwa kiasi cha haki. Miaka mitatu baadaye Gordon Guyatt na wenzake wa Hamilton, Kanada, walikipeleka kipimo hicho kwa wagonjwa 18 ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu ya kutosha, pamoja na 25 wa mapafu.

Guyatt huyo huyo alikuwa tayari, mwaka 1984, ameuliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii: je, maneno ya anayesimama na saa yana uzito gani? Baadhi ya wagonjwa walitiwa moyo walipokuwa wakitembea, wengine wakaachwa kimya. Waliotiwa moyo walizidi kwa takriban mita 30. Tuitazame vizuri namba hiyo. Viwango vya kimataifa vya mwaka 2014 kwa magonjwa sugu ya mapafu vinataja mita 30 hizo hizo kuwa badiliko dogo kabisa lenye maana kwa mgonjwa. Kwa hiyo muuguzi mchangamfu angeweza, bila kukusudia, kuifanya dawa isiyo na faida ionekane imeponya. Ndiyo sababu mwongozo wa Marekani wa mwaka 2002 unabana kila kitu: korido ya mita 30 iliyonyooka, koni ya kugeukia kila mwisho, mpimaji asitembee na mgonjwa, na kila dakika aseme maneno yale yale kwa sauti tulivu, kwamba anaendelea vizuri na zimebaki dakika kadhaa. Mgonjwa anaruhusiwa kusimama na kuegemea ukuta, ila saa haisimamishwi.

Wapo wanaopinga, na hoja zao ni nzito. Goti bovu, urefu na umri huamua umbali sawa na moyo. Mwenye nafuu kubwa hufika mahali ambapo hawezi kuongeza mwendo bila kukimbia, basi kipimo hakimfichui tena. Nayo mashine ina ushahidi wake: mwaka 1991 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwamba mgonjwa anayetumia zaidi ya mililita 14 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika anaweza kusubiri upandikizaji wa moyo kwa usalama. Kwa uamuzi wa aina hiyo, mashine itangulie. Hata hivyo maisha ya mgonjwa hayaishii kwenye kilele cha nguvu zake; anaishi kwenye mwendo wa kwenda msalani na kituoni. Na mwendo huo unatabiri. Mwaka 1993, kati ya wagonjwa 898 waliofuatiliwa kwa wastani wa siku 242, waliotembea chini ya mita 300 walikufa karibu 10 katika kila 100; waliofikisha 450 au zaidi walikufa 3.

Nidhamu hiyo ilizaa matunda mwaka 2002, katika utafiti wa MIRACLE wa kifaa kinachopatanisha mapigo ya pande mbili za moyo. Wagonjwa wote 453 waliwekewa kifaa, lakini kwa nusu yao hakikuanza kutumika kwa miezi sita, bila wao wala wapimaji kujua. Ambao kifaa chao kilifanya kazi waliongeza mita 39. Waliobaki nao waliongeza mita 10, ambazo bila kundi hilo la kulinganisha zingehesabiwa zote kuwa kazi ya kifaa.