Ngui, Santuri na Mwaka wa 1938

Mwaka 1988 bendi ya Uingereza iitwayo Chumbawamba, iliyoanza 1982 kwa magitaa ya kishindo na siasa kali, iliweka ala zake kando ikatoa santuri ya nyimbo za wakulima na wafanyakazi walioasi tangu 1381 hadi 1914. Vijana wa mjini waliimba kwa sauti tupu maneno ya watu waliokufa zamani, na wasikilizaji wao wakatambua kwamba ugomvi wa ardhi na mishahara haukuanza na kizazi chao.

Ukambani, nchi ya Wakamba huko Kenya, nako kunastahili santuri ya namna hiyo, na mwaka wa kuanzia upo: 1938. Wakati huo Makueni ilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos. Huko serikali ya kikoloni ilisema ng'ombe wamezidi na wanaimaliza ardhi, ikaanza kuwakamata na kuwapiga mnada kwa nguvu. Athi River kulikuwa na kiwanda cha nyama cha Liebig kilichohitaji ng'ombe hao. Lililoachwa nje ya hesabu ni kwamba malisho mapana yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na walowezi. Julai mwaka huo wanaume, wanawake na watoto walifunga safari kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor, wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham uso kwa uso. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha mnada wa lazima uliachwa.

Vitabu vya historia vimeuandika msafara huo vizuri. Masikio yetu ndiyo yaliyonyimwa haki, maana Mkamba wa enzi hizo alikuwa na chombo chake cha kusema mambo mazito, nacho kilikuwa wimbo. Mtunzi na kiongozi wa wimbo huitwa ngui. Miongoni mwa kazi zake ni myali, nyimbo za kukosoa. Ngui huingia uwanjani, ngoma ikishika moto, akamtaja mwizi, mume mvivu, au mkubwa aliyekula cha watu. Wachezaji wanaitikia. Aliyetajwa anaweza kuwa amesimama palepale, na kuondoka kwake ni sawa na kukiri. Hukumu inatolewa bila kiti cha hakimu, na kesho yake watoto wa kuchunga mbuzi wanaurudia wimbo ule malishoni. Mimi naiita hiyo siasa, tena siasa yenye meno, ingawa wengi wanaihesabu kuwa burudani ya kijijini.

Magitaa ya umeme yalipofika, ngui hakufa. Kakai Kilonzo, aliyezaliwa 1954 na kufariki 1987, aliongoza bendi ya Les Kilimambogo Brothers na kuimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, hivyo akasikika mbali na kwao. Peter Mwambi alikuwa na Kyanganga Boys. Onesmus Musyoki alikuwa na Kalambya Boys, waliowapigia muziki Kalambya Sisters katika "Katelina", wimbo wa msichana anayependa uki, pombe ya kienyeji, na kupata mimba kila mwaka. Watu walicheka, wakacheza. Lakini sikiliza muundo wake: jina la mtu, tabia yake, na kijiji kizima kikimtazama. Ni myali iliyovaa gitaa.

Santuri ndogo ya benga, muziki huo wa magitaa, ilikuwa na kipimo chake. Wimbo uligawanywa nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili, na ilibidi kupindua ili kuumaliza. Kwenye harusi au mchango wa shule huko Kitui, wimbo huohuo ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, mwimbaji akiongeza majina ya waliohudhuria na malalamiko ya siku hiyo. Hayo hayakuingia kwenye santuri. Tena redio wakati huo ilikuwa moja, ya serikali, na kila mwanamuziki aliona yaliyompata mwimbaji Joseph Kamaru: wimbo wake wa kuomboleza mwanasiasa J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, uliondolewa hewani. Maneno makali yakabaki uwanjani, mbele ya watu wanaofahamiana.

Kwa hiyo sehemu bora ya muziki wa siasa wa Ukambani ni ile iliyopigwa papo hapo, na nakala zake ni chache kuliko toleo lolote la santuri la Ulaya lililotiwa namba ili lipande bei. Ziko kwenye kanda za kaseti zilizorekodiwa kwa redio ya mkono na kuachwa kwenye masanduku ya mbao Mutomo, Mwingi, Wote na Kibwezi. Kanda huharibika kwa joto na vumbi, na huko hakukosi vyote viwili.

Ndugu msomaji wa Kitui na Makueni, ukiwa na kanda ya namna hiyo usiitupe wala usirekodi kitu kingine juu yake. Andika kwenye jalada jina la ngui, mahali na mwaka. Kisha mtafute mama mzee aliyekuwepo siku hiyo, akueleze ni nani aliyekuwa akitajwa.