Mgeni Aliyeitwa Kula Takataka

Juma lililopita nilikwenda Kunduchi pwani kununua samaki. Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa, fimbo mkononi, na tangu asubuhi kazi yake ilikuwa moja tu: kufukuza kunguru. Nilipomwuliza kama fimbo inasaidia akanijibu, "Baba, hawa wameshanizoea."

Kunguru wale si wa kwetu. Wa kwetu ana kifua cheupe, na siku hizi humwoni mjini kirahisi. Huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake ni India. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati Waingereza wameshaiweka nchi chini ya himaya yao, ili ale takataka za mji. Hakujificha ndani ya shehena ya meli, aliitwa. Walioletwa walikuwa makumi tu, na vijana wachache wenye manati wangeweza kuwamaliza. Lakini nani ampige manati bwana usafi?

Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Leo ameenea pwani yote, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, ananyakua vifaranga vya watu, na takataka zenyewe bado tunazo.

Katika miaka ya 1990 Unguja walitegewa sumu wakapungua sana. Kampeni ilipokoma wakarudi. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza shabaha ya kuua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Milioni, ndugu zangu!

Sasa tazama Sokotra, kisiwa cha Yemen. Kunguru hao hao walifika huko miaka ya 1990, wachache. Wakaanza kuzaa, lakini walikuwa bado wa kuhesabika. Watu wa kisiwani hawakungoja waenee. Waliwafuatilia, viota kwa viota, na mwaka 2009 wa mwisho akaondolewa. Ndege ni yule yule. Tofauti ni kwamba huko waliwahiwa.

Nikirudi kutoka pwani, pale Mtongani nilimkuta kijana anauza kasuku wadogo wa rangi ndani ya tundu. Nikamwuliza wametoka wapi. "Ng'ambo, mzee." Mmoja, akasema, alitoroka juzi, akaelekea upande wa mikoko. Ndege mmoja peke yake hazai, hilo najua. Hata hivyo nilisimama pale mpaka akalifunga tundu lake kwa waya.