Sikio na Kinywa cha Mchezaji

Mwaka 1910, Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake hedifoni alizoziunda jikoni. Watumishi wa simu ya upepo walihitaji masikio tu. Kunena, walinena kwa vidole. Marubani walitaka na kinywa, tena chepesi: wawili wao wakaasisi Plantronics mwaka 1961, na mwaka 1969 sauti ya Neil Armstrong ikatoka mwezini kwa chombo cha kampuni hiyo. Mchezaji wa kompyuta amerithi vyote viwili. Lakini viuzwapo pamoja kwa bei ndogo, aghalabu kinywa ndicho hupunjwa. Afadhali achague hedifoni zibainishazo nyayo za adui, kushoto na kulia, kisha maikrofoni ya peke yake, aisogeze mdomoni. Maana umbali ukizidi mara mbili, sauti yake hupungua desibeli 6, na kelele za chumba hazipungui.